Amu Inakua kwa Nyuma

Mji wa kale wa Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe, ule ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni takriban hekta 16 tu. Mtu akiondoka Mkomani, mtaa wa kaskazini, adhana ya Adhuhuri inapoanza, akashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, bila haraka, atawahi rakaa ya kwanza kule Langoni, upande wa kusini. Ndani ya hekta hizo kila jiwe lina mlinzi. Mwaka 1986 mji ulitangazwa kuwa turathi ya taifa. Ikaja Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Tume ya mipango ya mji iliundwa 1991, na UNESCO nao hutuma watu wao kuja kutazama na kuuliza maswali. Ukitaka kubadilisha dirisha la nyumba ya babu yako, utaomba ruhusa. Na ni haki uombe, kwa sababu dirisha lile limetoka kwa waliotutangulia na litawafikia wasiozaliwa bado.

Mimi nimezaliwa ndani ya hekta hizo. Leo naishi nje yake, Wiyoni, pamoja na wengi niliosoma nao chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Huku nyuma ni wachache wanaoomba ruhusa ya dirisha, ya choo, au ya ghorofa ya pili. Aliyejaaliwa fedha anaagiza mawe kutoka Maweni, ng'ambo ya Manda, punda wanayapandisha kutoka gatini, fundi anakuja, nyumba inainuka. Aliye mnyonge anaanza na chumba kimoja cha udongo na makuti au mabati, akiomba Mungu. Mji wetu unakua huku, Wiyoni, Kashmiri, Kandahari, Bajuri, upande ambao mgeni anayepiga picha akiwa baharini hauoni.

Naandika juu ya huku nyuma kwa sababu kila mjadala wa mustakabali wa Lamu ninaousikia una pande mbili tu. Upande mmoja pana mawe ya zamani, upande wa pili pana bandari mpya. Watu wanagombana: tuhifadhi au tuendelee? Katikati ya pande hizo tupo sisi, watoto wa nyumba zile za mawe, tuliokosa nafasi ndani yake, na mpango ukitutaja hututaja kwa mstari mmoja: makazi yasiyo rasmi. Kwa macho yangu, hatari kubwa ya mji wa kale inaanzia hapa, pale mji unapokua pasipo mtu kuwasikiliza wanaoukuza.

Wazee wetu walijua kukuza mji. Nyumba ya mawe ya Kiamu ilijengwa kwa kumhesabu binti. Msichana akikaribia kuolewa, baba alitafuta uwezo wa kuongeza ghorofa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake unapimwa na boriti ya mkoko, na boriti ya kubeba dari haiwezi kuvuka mita 3 hivi. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo zinabeba ghorofa la juu na sakafu yake nzito bila shida. Ghorofa zikijaa, familia ilivuka njia kwa juu: ikajengwa wikio, chumba kinachokaa juu ya kijia na kuunganisha nyumba mbili, binti akaishi humo karibu na mama yake, watu na punda wakipita chini.

Wikio halijengwi na mtu mmoja. Linaegemea ukuta wa upande wa pili. Linapunguza mwanga wa kijia, linampa kivuli mpita njia, linamfungia jirani upepo au linamwachia. Boriti ya kwanza haikuweza kuwekwa kabla jirani hajakubali, na jirani hakubali kabla hajaambiwa chumba kitafika wapi, kitakaa urefu gani kutoka chini, na mvua itamwaga maji upande gani. Nikipita chini ya wikio lile la karibu na kwetu, naona mazungumzo ya watu waliokufa zamani, na naona kwamba walimaliza mazungumzo kwanza, ndipo wakapandisha boriti.

Kwetu tulizaliwa mabinti wanne. Dada yetu mkubwa alipewa juu. Wa pili akapewa chumba cha msana, ule ukumbi mrefu unaoelekea uani, kilichokatwa na kutiwa mlango wake. Tulipofika zamu yetu sisi wawili wa mwisho, nyumba ilikuwa imekwisha. Kupanda juu zaidi hakuruhusiwi, na ukuta wenyewe umechoka. Marehemu baba alifanya alichoweza: akanunua kiwanja Wiyoni wakati ambapo kule palikuwa mashamba ya minazi na miembe. Hadithi yetu ni ya nyumba nyingi za Mkomani. Na wapo waliofika huku nyuma kwa njia nyingine kabisa. Vita vya shifta katika miaka ya 1960 viliwang'oa Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara, na wengi walijenga nyuma ya Langoni wakidhani watarudi. Wakaja walimu, askari, mafundi, wafanyabiashara kutoka bara. Kisha ikaja habari ya bandari. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti nzima ya Lamu. Ile ya 2019 ikahesabu 143,920. Wengine wako Mpeketoni, Hindi, Witu, Faza, Mokowe. Lakini kisiwa hiki nacho kimepokea fungu lake, na hekta 16 hazikuongezeka.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya maji, kwa sababu ndipo mji wa kale na mitaa ya nyuma wanapokuwa kitu kimoja, watake wasitake. Lamu inakunywa mchanga wa Shela. Mvua inayonyesha juu ya vile vilima vya mchanga inazama, inachujwa, inakaa chini ya ardhi kama ziwa lisiloonekana, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi. Hapo ndipo visima vya mji vilipo. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya vilima, ukasawazisha mchanga, ukachimba mashimo ya vyoo, unaharibu chujio lenyewe. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu huonja maji ya kisima kabla ya kutia chai, akitema pembeni: "Mai yameshika munyu," yaani maji yameingia chumvi. Asemalo yeye kwa ulimi, wataalamu wanalipima kwa mashine, na wote wawili wanasema jambo moja.

Sasa, nani anaijua hali hii kuliko wote? Ni wanawake wa Wiyoni na Bajuri wanaochota. Wanajua kisima gani kimebadilika ladha na tangu lini. Wanajua choo gani kilichimbwa hatua chache tu kutoka kisima cha nani. Wanajua mtaro upi unafurika masika na kuingiza maji machafu jikoni, na maji yale yanateremka yakipita mji wa kale hadi baharini, chini ya madirisha yale yale tunayoyalinda kwa sheria. Unaweza kuzuia saruji kwenye kila ukuta wa Mkomani. Mtaro wa nyuma usipopangwa, chumvi na unyevu vitazila kuta hizo kwa chini.

Nilihudhuria kikao cha maoni juu ya mpango wa mji. Ofisi iliyokiitisha siitaji, kwa sababu nimeona vikao vya ofisi nyingi na vinafanana. Kilikuwa ukumbini, asubuhi ya siku ya kazi, saa ambazo mwanamke wa Lamu yuko jikoni na mvuvi yuko baharini. Tangazo lilitoka gazetini. Wengi wetu tuliletewa kwenye simu usiku wa kuamkia kikao. Tulipewa kitabu kinene cha Kiingereza, nakala chache zikipita mkono kwa mkono. Ukutani wakamulika ramani. Nikatafuta nyumba yangu. Kisanduku cha maelezo ya rangi na alama kilikuwa kimewekwa juu kabisa ya mtaa wetu, kwa hiyo Wiyoni haikuonekana.

Tukaulizwa kama tunaunga mkono uhifadhi wa urithi wetu. Nani angesema hapana? Tukaulizwa kama tunataka maendeleo. Nani tena angesema hapana? Mzee mmoja alisimama akauliza mtaro unaotoka kwake utapita wapi kwenye mpango huu. Aliambiwa jambo hilo ni la hatua ya utekelezaji. Mama mmoja akauliza kama njia ya kwenda makaburini itabaki wazi, maana pana kiwanja kimeuzwa na ukuta umeshaanza. Jibu likawa hilo hilo. Kabla ya chakula ikaletwa karatasi ya mahudhurio, jina, kitambulisho, sahihi. Tukatia sahihi, kwa sababu sote tulikuwapo. Ni baadaye ndipo mtu anapofahamu kwamba sahihi ya kuwapo inaweza kubandikwa nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba wananchi wameshirikishwa.

Nilitoka pale nimechoka, na sikuwa na hasira na wale vijana waliokuja kutuhoji. Walikuwa na adabu, na wengine ni watoto wetu. Kilichonisikitisha ni kwamba maswali mawili ya maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, mtaro na njia ya jeneza, ndiyo hasa kazi ya mpango wa mji, na yalitolewa nje ya mlango kwa upole.

Watu wa Lamu tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tumelipia somo lake. Tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi, walizindua mradi wa LAPSSET hapa: bandari yenye gati 32 kwa ukamilifu wake, barabara, reli na bomba la mafuta kuelekea bara. Mwaka huo huo wakaazi wakaenda mahakamani. Hawakusema bandari isijengwe. Walisema hawakuambiwa, hawakuulizwa, na bahari yao inachimbwa. Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake tarehe 30 Aprili 2018. Ilisema haki za wakaazi zilivunjwa: haki ya kupata habari, haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni wao, na wajibu wa serikali wa kuwashirikisha. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu ile.

Kesi ya pili ndiyo naipenda zaidi, kwa jinsi ilivyochambua suala la maoni. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, kaskazini ya hapa, wa megawati 1,050. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni mwaka 2016. Kundi la Save Lamu na wakaazi wengine wakaipinga, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni ile. Vikao na wananchi vilikuwa vimefanywa, hakuna aliyekana. Kasoro ilikuwa wakati wake. Watu waliitwa mwanzoni, kabla ripoti ya athari haijaandikwa, wakaambiwa mradi unakuja. Ripoti ilipokamilika, yenye habari za moshi, majivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma, kuielewa na kuijibu. Kwa hiyo waliulizwa wakati hawana cha kujibu, na walipokuwa nacho hawakuulizwa.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, kwa sababu inaeleza vikao vyetu vya mipango ya mji neno kwa neno. Katiba ya 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, katika kifungu cha 10. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka mipango ya kaunti itengenezwe pamoja na wakaazi, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka rasimu itangazwe watu waikague na kuitolea maoni. Sheria tunazo. Tunachokosa ni ramani inayoweza kusomwa na Bi mkubwa wa mtaani, kwa lugha yake, akiwa amekaa barazani kwake, na muda wa kutosha aitafakari na arudi na neno.

Tusidanganyane pia kwamba wakaazi wana kauli moja. Hatuna. Mtaani kwetu vijana wanaiona bodaboda kuwa riziki, na wana hoja: mgonjwa wa Wiyoni usiku hafiki hospitali kwa punda. Mkomani wanaona bodaboda kuwa balaa, na wana hoja pia: vijia vile ni vya watoto, wazee na punda wenye mizigo, na ukuta wa chokaa haupendi mtikisiko. Kaunti imewahi kuzipiga marufuku ndani ya mji wa kale, na marufuku ikazua ugomvi wake. Mimi nadhani injini zibaki nje ya mji wa kale, na nadhani pia kwamba mwenye kusema hivyo ana deni la kuwaambia watu wa nyuma watapelekwaje hospitali. Kikao cha kweli kingewakalisha wote wawili mbele ya ramani moja, wakachora njia ya nyuma inayozunguka mji kwa ajili ya vyombo na pampu ya zimamoto, ili ile ya ndani ipumzike. Kikao cha kuuliza "mnaunga mkono?" hakiwezi kufika huko.

Jambo jingine linalotugawa ni kuuza nyumba. Wageni wamekuwa wakinunua nyumba za mawe kwa miongo kadhaa, Shela kwanza kisha Mkomani. Baadhi wamezitengeneza vizuri mno, kwa chokaa na niru, ile plasta laini ya chokaa, na mafundi wetu, na hilo lazima lisemwe. Lakini nyumba inayofunguliwa wiki chache kwa mwaka haimpeleki mtoto chuoni, haimwiti jirani kwenye hitima, haitoi sahani ya futari. Na bado sina moyo wa kumlaumu anayeuza. Nyumba moja ina warithi walio Mombasa, Jeddah, Muscat. Nyumba nyingine ni wakfu, na msimamizi hana kitu. Kufumua sakafu moja tu na kuirudisha kunataka boriti, chokaa na fundi anayejua kazi, na vyote vitatu vimekuwa adimu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, mikoko iliingia humo humo, ingawa Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya na watu wetu wamekuwa wakiikata kwa karne nyingi. Wakataji wakakaa bila kazi, na paa za mji wa urithi zikasubiri boriti. Hakuna aliyewauliza kabla.

Basi mwenye nyumba anafanya nini? Anapaka saruji. Saruji ni rahisi, iko dukani, fundi yeyote anaijua. Inafungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na baada ya misimu michache plasta inabanduka ikiondoka na jiwe. Anayekagua anaandika kwamba mwenye nyumba amevunja kanuni. Ni kweli amevunja. Lakini kanuni inayokataza saruji bila kumwambia maskini atapata wapi chokaa inamwacha achague kati ya kuvunja sheria na kuvunjikiwa na nyumba. Zanzibar, ambayo Mji Mkongwe wake uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla yetu, ilishuhudia sehemu ya Beit al Ajaib ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jengo mashuhuri kuliko yote pale. Sisi hatuna ulinzi mwingine wanaoukosa wao.

Kama ningepewa nafasi ya kusema na wanaopanga, ningewaomba waanze kuuhifadhi mji wa kale kwa kuipanga vizuri Wiyoni. Najua linasikika kinyume. Lakini binti wa Mkomani akipata kiwanja chenye hati, maji, mtaro na njia huku nyuma, hakuna haja ya kukata msana wa nyumba ya mawe vipande vitatu na kutia choo mahali pa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Na bandari ikileta watu, nao wakatafuta vyumba vya kupanga, shinikizo litapata pa kwenda badala ya kupanda vilima vya Shela. Mstari uliochorwa kuzunguka hekta 16 umesaidia sana kuzuia ubomoaji. Ubaya wake ni kwamba macho na fedha zimebaki ndani ya mstari, na matatizo yanayouvuka mstari yanatoka nje.

Huku nyuma hatukusubiri. Tulikubaliana mtaani kuchora ramani yetu wenyewe. Hapakuwa na mfadhili. Vijana wawili waliosomea upimaji walitumia simu zao na kamba, walimu walituandikia, wanawake walisema visima na vyoo viko wapi, wazee walisema njia zilipita wapi kabla kuta hazijafunga. Tulikaa baada ya Alasiri, mara barazani, mara uwanja wa shule, na wanawake walikuwa na kikao chao wenyewe ndani ya nyumba, kwa sababu yako mambo ya vyoo na maji ambayo hawawezi kuyasema mbele ya wakwe zao. Kikao kile cha ndani ndicho kilichotoa habari nyingi kuliko vyote.

Ilitulazimu kukubaliana upana wa njia, na hapo tulibishana sana. Wenye viwanja walitaka wapunguze, wenye punda walitaka waongeze. Ami yangu ndiye aliyetoa kipimo kilichokubalika. Alisema kijia kisiwe chembamba kuliko jeneza na wanaolibeba, wanne kwa zamu, pamoja na anayekuja upande wa pili akaweza kusimama pembeni kwa heshima. Tukapima kwa jeneza la msikiti wenyewe. Vijia vyembamba vya huku nyuma vilivyoshindwa kipimo kile tulivitia rangi nyekundu kwenye ramani, na vilikuwa vingi kuliko tulivyodhani. Sehemu moja maiti wetu wanazungushwa karibu mtaa mzima ili wafike msikitini, kwa sababu ya ukuta mmoja. Mwenye ukuta alikuwa kwenye kikao. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema atausogeza kama na jirani yake atausogeza. Jirani bado tunazungumza naye.

Ramani ile tuliipeleka ofisini pamoja na barua ya Kiswahili. Barua inaomba rasimu ya mpango itafsiriwe na ibandikwe misikitini, mashuleni na kwenye ofisi ya chifu, kikao kinachofuata kifanyike Wiyoni alasiri, na kila neno lililotolewa na wakaazi liandikiwe jibu: limekubaliwa, au limekataliwa na kwa sababu gani. Tumeomba pia kisanduku cha alama kihamishwe. Karani alitugongea muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Jibu halijafika, na tumepanga kurudi kuliuliza, wanawake wakitangulia safari hii, kwa kuwa suala la kwanza kwenye barua ni visima. Nakala yenye muhuri iko kwa mwalimu, na anayetaka kuiona au kuisahihisha aje Wiyoni siku yoyote baada ya Alasiri. Hasa nyie wa Kashmiri na Kandahari, maana ramani yetu inaishia mpakani kwenu na mtaro hauishii hapo.